Bingwa wa Theluji ya Ndani

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa koti zito la mwanamume, glavu mbili zote za mkono wa kushoto na koleo la plastiki, nikaambiwa niingie kwenye theluji. Basi la kampuni lilikuwa limetutoa Muhaisnah, mtaa wa Dubai tulikolala wafanyakazi, na kutushusha kwenye joto la kubabua ngozi. Ndani ya ule ukumbi kulikuwa na mlima mzima mweupe chini ya paa, na baridi ya kuuma meno. Wenzangu watatu tulioajiriwa pamoja waliomba kuhamishwa kabla ya chakula cha mchana. Mimi nimezaliwa Kinangop, ambako sakitu, ule umande ulioganda, huunguza viazi shambani na mtu hukamua ng'ombe vidole vimekufa ganzi. Nilibaki.

"Wewe husikii baridi?" aliniuliza Msimamizi wa Usafi.

"Naisikia, sir. Ila tunafahamiana."

Alicheka, akaandika jina langu kwenye orodha ya theluji. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na minane, nimewaacha wanangu wawili kwa mama yangu. Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi. Sikutoka kwenye orodha ile hadi nilipostaafu.

Baada ya mwaka wa kuzoa theluji chafu nilihamishiwa karakana, chini ya Fundi Mkuu, mzee wa Kinepali mpole ambaye utotoni kwao aliitazama theluji ya milimani kila siku lakini hakuwahi kuteleza juu yake. Yeye ndiye aliyenifunza kwamba skii, yaani ule ubao mrefu mwembamba unaofungwa kwenye kiatu, ina tumbo, na tumbo hilo lazima lilishwe nta. Unayeyusha nta kwa pasi, unaiacha ipoe, unaikwarua hadi ubao ung'ae. "Ukiikwarua kwa hasira," alikuwa akiniambia, "mteja ataanguka kwa hasira yako." Nilidhani ni mzaha. Baadaye nilijua alimaanisha.

Ndipo akaja Madam Kocha. Alikuwa mwanamke mrefu wa nchi za kaskazini, aliyewahi kuwa bingwa kwao, na aliletwa aanzishe mbio za nyika za skii. Wengi wenu mmeona watu wakiporomoka mlimani kwenye televisheni. Mbio za nyika ni kitu kingine. Humo hubebwi na mteremko. Unasukuma kwa miguu yako na fimbo mbili, tambarare na kupanda, mpaka mapafu yawake moto. Madam alitafuta watu wa kufanya naye mazoezi alfajiri, kabla ukumbi haujafunguliwa kwa wateja. Wateja hawaamki saa hizo. Akaja karakana.

"Wewe, mama. Kwenu mnakimbia, sivyo?"

"Wengine wanakimbia, madam. Mimi nilikuwa napanda viazi."

"Kupanda viazi kunahitaji mgongo. Yalla, vaa viatu."

Nilianguka wiki nzima. Wiki ya pili nilianguka kidogo. Siku za Ijumaa alitupeleka kwenye njia ya baiskeli jangwani, tukavaa skii fupi za magurudumu na kusukuma kati ya vilima vya mchanga hadi jua lilipotufukuza. Waendesha baiskeli walipunguza mwendo kunitazama, mwanamke wa makamo mwenye leso kichwani, natembea juu ya magurudumu na fimbo. Majira yale ya baridi Madam aliandaa shindano la kwanza la wanawake, mizunguko kumi ndani ya ukumbi. Walikuja wauguzi, walimu, wake wa mabosi. Nilishinda. Mwaka wa pili nilishinda, na wa tatu pia. Bado nasikia ule mlio wa skii mbili zikikata theluji kavu, alfajiri ukumbi mzima ukiwa mtupu, na Madam akipiga makofi kwa glavu zake nene. Sijawahi kuwa na furaha safi kama ile.

Mwaka wa nne alikuja Saada. Alikuwa msichana wa Unguja aliyeuza tiketi mlangoni, mwepesi kama kishada, mdomo haufungi. Nilimfundisha mwenyewe jinsi ya kuhamisha uzito kutoka mguu hadi mguu.

"Da' Nyambura, mie naogopa huo mteremko."

"Usiutazame, mdogo wangu. Tazama mgongo wangu."

Kufikia majira ya baridi yaliyofuata, mgongo niliokuwa nautazama mimi ulikuwa wake. Na mwaka huo Madam alitangaza kwamba mshindi angeenda naye kwao, kushindana kwenye theluji ya kweli, chini ya mbingu. Nilikuwa sijawahi kuiona. Nililitaka jambo hilo kuliko nilivyowahi kutaka lolote.

Sasa niwaeleze nta moja zaidi, maana kisa chote kimo humo. Chini ya kiatu, katikati ya skii, hupakwa nta ya kushika. Ukikanyaga, inang'ata theluji usirudi nyuma. Theluji kavu ya baridi kali hutaka nta ngumu. Ikilegea kidogo, hutaka laini. Ukikosea, kila hatua ya kupanda inakurudisha nusu hatua.

Skii za washindani wote ziliandaliwa na mimi. Jioni ya kuamkia shindano nilizipaka zote nta ngumu. Asubuhi milango ilikuwa imeachwa wazi kwa muda mrefu wakati wa kuingiza viti vya watazamaji, joto likaingia. Nilichomeka kipimajoto kwenye theluji, nikaona imelegea. Nilizipaka upya skii zangu. Nilizipaka upya za wengine. Za Saada nilizibakiza mwisho, kisha nikajiambia muda umekwisha. Muda haukuwa umekwisha.

Mzunguko wa kwanza, kwenye kile kilima kifupi, nilimwona akiteleza kurudi nyuma. Akajaribu tena, akarudi. Alinitupia jicho la kuniuliza nilipompita. Nilisukuma fimbo zangu. Nilishinda kwa mbali, watu wakanipigia vigelegele, naye akaja kunikumbatia akilia. "Leo miguu imenikataa, dada," alisema. "Hongera."

Siku mbili nilimkwepa Saada pale mlangoni. Siku ya tatu nilikwenda ofisini kwa Madam Kocha, nikamweleza nikiwa nimesimama.

"Ulijua?" aliniuliza.

"Nilijua, madam."

Alikata jina langu kwenye orodha ya washindani. "Kazi ya mikono sikunyang'anyi, kwa sababu Fundi Mkuu hana mwingine kama wewe. Mashindano nakunyang'anya. Safari ni ya Saada. Lakini nenda ukamwambie wewe kabla sijamwambia mimi. Khalas, yamekwisha."

Nilimkuta Saada Bur Dubai, kwenye kibanda cha chai karibu na gati la abra, zile mashua za kuvusha watu. Aliagiza vikombe viwili kabla sijaketi. Nilipomaliza kusema, chai yake ilikuwa imeota ngozi juu.

"Mie nilijilaumu," alisema polepole. "Nilijiona mvivu. Ungeniacha nijione mvivu maisha yangu yote?"

Aliinuka, akapanda abra kwenda Deira, ng'ambo, bila kugeuka.

Alisafiri. Alirudi amemaliza karibu na mwisho, uso umebabuka kwa jua la theluji, akimsimulia kila mtu isipokuwa mimi. Kwa msimu mzima alikuja karakana na nta yake mwenyewe, akapaka skii zake kwenye meza ya pembeni, akaondoka. Sikumlaumu. Nilifanya kazi yangu, nikawa napima theluji mara tatu ambapo zamani nilipima mara moja.

Asubuhi ya shindano lililofuata nilifika nikakuta skii zake zimelazwa kwenye meza yangu, tumbo juu. Hakukuwa na barua wala salamu. Nilipima theluji, nikazipaka nta iliyoifaa. Siku hiyo alishinda. Alipopita mbele yangu na medali shingoni alisema, "Zilishika vizuri, dada." Baada ya hapo tulirudi kula pamoja, ingawa kicheko chetu kilichukua muda kurudi.

Nilistaafu magoti yalipoanza kulia kuliko skii. Nawaambia ninyi mnaoanza kazi: mtu huwekewa uhai wa mwenzake mikononi hata pale anapodhani ameshika kipande cha nta tu. Sijutii safari niliyoikosa. Najutia ile mizunguko kumi niliyokimbia nikiwa kimya, wakati sauti moja tu ingesimamisha mbio.

Wajukuu wanapenda kuwaambia wenzao shuleni kwamba nyanya yao alikuwa bingwa wa theluji. Kisha hurudi nyumbani wakiniuliza theluji ya kweli, ile inayoanguka kutoka mbinguni, ikoje. Huwapa simu, nikawaambia wampigie bibi yao Saada. Yeye ndiye aliyeiona.