Jumatatu ya Miguu

Juzi nimepita Hail, mtaa niliokulia hapa Oman, nikasimamisha gari mbele ya nyumba ya kona. Haipo. Pamesimama jengo la ghorofa, chini duka la simu. Mama yangu alikuwa kiti cha mbele, mwanangu mchanga analia nyuma, na mie nimevimba kwa hasira. Tumetoka kituo cha afya. Mama ana sukari miaka kadhaa sasa, na daktari hakumwambia hata avue kiatu! Katazama kompyuta, kaandika dawa zilezile, kaita nambari inayofuata.

Nyumba ile ilikuwa ya jirani yetu mmoja, aliyekuwa mkunga Unguja kabla familia yake, kama zetu, haijarudi Oman. Miaka ya tisini alitoa chumba chenye mlango wa nje, wanawake wa mtaa wakakifanya chao cha kupimana afya. Mmoja kaleta mzani, mwengine pazia, mwengine mabeseni. Serikali ikaleta nesi wa Kihindi na kipimo cha sukari. Nesi alikuja, lakini wenye kupanga walikuwa wao. Yeye alitaka asubuhi. "Asubuhi tunapika," mkunga akamwambia. "Njoo baada ya alasiri." Akaja baada ya alasiri. Bibi zetu wengi Kiarabu chao kilikuwa cha kusalia na kuamkiana. Maumivu waliyasema kwa Kiswahili. Basi nesi ndiye aliyejifunza: vua, pole, wapi panauma.

Jumatatu ilikuwa siku ya miguu, maana mwenye sukari huumia mguu asijue. Nikifumba macho nasikia ile harufu, spiriti na udi na kahawa, nasikia maji ya uvuguvugu yakimiminwa. Macho ya wazee yamechoka, kwa hiyo kutazama ilikuwa kazi yetu wasichana. Unapiga magoti, unapanua kidole kimoja kimoja, unataja unachokiona kwa sauti, chumba kizima kisikie.

"Kisigino kimepasuka!"

"Kisigino hicho au bonde la wadi lililokauka?" mtu anadakia, na vicheko. Mwengine akinyoosha mkono kwenye sahani, mkunga bila kugeuka: "Tende tatu, bi mkubwa. Tatu, si shazi."

Miguu ya bibi yangu ilikuwa yangu mie. Nilikuwa na miaka tisa. Jumatano moja namkata kucha, nikaona lengelenge limepasuka chini ya kidole gumba. Alisimama pekupeku uani, saruji inawaka jua la Agosti, na hakuhisi kitu. Akanishika kidevu. "Usiseme, mwanangu. Wakijua watanifungia ndani, na mie nna harusi Bawshar Alhamisi ya wiki ijayo." Harusi ya mjukuu wa dada yake; kaisubiri mwaka mzima. Jumapili akatia hina nyayo zote mpaka kwenye vifundo, mapema kabla ya wenziwe. Nikaelewa kwa nini.

Jumatatu nikapiga magoti. Unyayo wote mwekundu, umekoza, kidonda hukioni.

"Vipi huko?" mkunga akauliza.

"Mzima!" nikasema, kwa sauti kubwa kuliko siku zote.

Mkunga akaja, akapakata ule mguu, akainama akanusa. "Hina hainuki hivi." Akasugua kwa pamba yenye maji, polepole, mpaka usaha ukatoka. Alinitazama bila kunikemea. "Hapa hatutazami ili tumfurahishe mtu."

"Na harusi yangu?" bibi akalia kama mtoto.

"Harusi zipo nyingi. Mguu haupatikani mwengine."

Mmoja kakimbilia ufunguo wa gari la mumewe. Wawili wakenda naye hospitali, mmoja awe ulimi wake, mwengine agombane ikibidi. Akakatwa kidole kimoja. Mguu ukapona. Alhamisi, badala ya kwenda harusini, wanawake wale walimpelekea biriani wodini, wakampigia vigelegele pale kitandani mpaka wakafukuzwa. Bibi akaishi, akatembea kwa miguu yake miwili mpaka mwisho wake.

Halafu mkunga akafariki, na miaka ya elfu mbili kikajengwa kituo kikubwa, marumaru na viyoyozi. Tukaambiwa chumba hakina haja tena. Nesi akahamishwa. Na sisi? Tulishangilia! Hilo ndilo linaloniunguza. Hakuna mwanamke hata mmoja aliyesema, jengo sawa, lakini Jumatatu yetu muiache. Kituo sikichukii, chanjo za mwanangu kapata huko. Lakini huko hakuna anayemjua mtu kwa nyayo zake, wala huwezi kumwambia daktari asubuhi tunapika.

Siku ile tulipofika nyumbani Bawshar nikamtazama mama miguu mwenyewe, mtoto begani. Nimeona mzima. Lakini hata kwa bibi nilisema mzima, na nyuma yangu palikuwa na chumba cha wanawake wa kunibishia. Sasa nabishana na nani? Ukuta wa pili anakaa mwanamke wa makamo. Namwona akitoka na gari lake, tunapungiana mikono, lango linajifunga. Mwaka wa tatu huu. Sijui kama ana sukari. Na yeye hajui miguu ya mama yangu.