Ndoo Iliyopita Jikoni

Mshona mapazia wa nyumba ya kona hupanda maua ya airisi kwenye ndoo zilizotobolewa chini kwa sababu, asema mwenyewe, udongo wa uani kwake ni mgumu kama kichwa chake. Kila asubuhi huzigeuza ndoo kidogo zifuate jua, akizisemesha kwa sauti ya chini, na vidole vyake vyenye makovu ya sindano hupangusa vumbi jani kwa jani. Siku wanachama wa chama cha bustani walipomtembelea kwa mara ya kwanza, lilikuwa limechanua ua moja tu, la zambarau, na kwa desturi ya chama hicho bustani isiyopendeza hairudiwi tena. Akawaonyesha ua hilo barazani. Walipozunguka nyumba kwenda uani, aliikumbatia ndoo ileile, akakatiza jikoni, akaitua nyuma na kusimama kando yake akihema kama aliyekimbizwa na mbwa.

“Hili nalo zuri,” mwenyekiti alisema, akainama. “Lakini shoga, mbona konokono kalitoboa palepale kama la barazani?”

Angeweza kumsingizia konokono. Akajitazama: kifua chote udongo.

“Mama mwenyekiti, ua ni hilohilo. Mwenye tamaa ya maua mengi ni mimi. Tena nilitaka kulifikisha na ubavuni mwa nyumba, pumzi ndiyo imenigomea.”

Wageni wakaangua kicheko. Mwenyekiti akampa mwenzake mkoba, akashika ukingo mmoja wa ndoo.

“Haya, kamata huko. Twende ubavuni.”