Jani la Muhogo Ndani ya Chupa

Mama mkwe wangu hakukubali hata siku moja kwamba jani linatengeneza sukari. Miaka ile sukari Kariakoo ilikuwa ya foleni, na wiki hiyo alikuwa amepanga mara mbili akarudi mikono mitupu. "Kama majani yana sukari," aliniambia huku akinywa chai chungu, "waambie wa dukani wakachume." Nilikuwa mwalimu mpya wa sayansi, na kama walimu wapya wote, sikujua kunyamaza. Nikamweleza kwa kirefu: jani huvuta hewa ya ukaa, ile tunayoitoa puani, likaichanganya na maji kwa nguvu ya jua, ikawa sukari; inayobaki likaiweka akiba, ikawa wanga. Akasema, "Haya."

Alhamisi mkaguzi alikuwa anakuja kunitazama nikifundisha. Akiridhika, nithibitishwe kazini. Asiporidhika, nibaki mwalimu wa majaribio. Nikaamua kuwaonyesha watoto kwamba jani likikosa hewa ya ukaa halipiki kitu. Nilikuwa na mche wa muhogo kwenye debe. Siku mbili niliuficha uvunguni mwa kitanda, gizani, ili majani yamalize akiba yake. Alhamisi asubuhi nikaingiza jani moja changa ndani ya chupa ya mdomo mpana, bado likiwa kwenye shina lake. Humo nilikuwa nimeweka kostiki, ile ya kupikia sabuni, kwa sababu hunyonya hewa ya ukaa. Nikaziba kwa pamba na mafuta ya mgando, nikauacha mche uani, juani.

"Mama, tafadhali, hii chupa isiguswe."

"Nani ana haja na chupa yako?"

Saa saba nikarudi kuuchukua. Chupa ilikuwa imezibwa vilevile, nikajitwika debe mpaka shule, jasho likinitiririka.

Darasani nikachuma majani mawili, la chupani na la nje. Nikayachemsha, nikayatoa ukijani kwa spiriti ya moto, nikayadondoshea ayodini. Nilishawatangazia watoto, kwa mbwembwe zote, kwamba penye wanga patakuwa peusi na jani la chupani halitabadilika. Yakawa meusi yote mawili, meusi tii. Watoto wakacheka. Mkaguzi akauliza, "Kulikoni, mwalimu?" Nikailaumu kostiki, nikamlaumu aliyeniuzia. Akaandika anachoandika, akafunga daftari, akasema tutaonana mwakani.

Nilifika nyumbani nimefura. Mama mkwe alikuwa uani anakuna nazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo nimekuokolea jani lako. Mtu unafungia kiumbe cha Mungu namna ile, kitapumua nini? Kila nikipita nafungua, nalipulizia pumzi, naziba tena vizuri. Si ulisema linataka ile tunayoitoa puani?"

Mama mkwe hagombezwi, hata akikunyima kazi. Kilichoniuma zaidi ni kwamba katika ualimu wangu wote sijapata mwanafunzi aliyenisikiliza vizuri kama yeye siku ile, na nilitamani kumrushia kifuu.

"Enhe," akauliza, "jani lenyewe linaendeleaje?"

"Nimelichemsha, mama."

Akaacha kukuna. Hakunisemesha mpaka Jumapili.