Rasta za Mheshimiwa

Mimi Shem, fundi simu, nimegawana duka na Carmel miaka minne sasa, pale soko la Warwick, huku kusini mwa Afrika. Duka lenyewe jembamba, mlango mmoja, katikati ubao. Upande huu nafungua simu za watu, upande ule anasuka. Kwa hiyo haya sikusimuliwa na mtu.

Carmel alitoka Uvira, Kongo, miaka kumi na moja iliyopita. Anaishi kwa karatasi ya hifadhi ya ukimbizi inayofanywa upya kila baada ya miezi sita, akibahatika. Safari hii hakubahatika. Aliomba mwezi wa pili, tukafika mwezi wa saba, jibu hakuna. Ofisi imepunguza wafanyakazi, wamebana matumizi, si unajua? Karatasi ikishakwisha muda, ukikamatwa unarudishwa. Kila gari jeupe likipunguza mwendo nje, Carmel anaacha kutafuna ubani wake.

Na nani alipiga kelele nyingi kuliko wote kwamba matumizi yabanwe? Mteja wake namba moja! Mheshimiwa MaDlomo, mbunge, mwenye habari mbili tu kinywani: wageni waondoke, na serikali iache kufuja. Amezisema redioni, kanisani, hata msibani. Halafu kila baada ya wiki sita anatuletea kichwa chake, miwani myeusi usoni, asukwe rasta. Wasusi wa kwao amewajaribu, anasema wanamvuta. Uzalendo wote ule, na ngozi ya kichwa imeushinda.

"Wageni wanaimaliza nchi hii, dada yangu," humwambia Carmel, shingo kaiinamisha. "Lakini si wewe. Wewe mchapakazi."

"Asante, Mama," hujibu Carmel. Ulitaka aseme nini?

Jumamosi moja akaja saa tatu asubuhi, mchangamfu ajabu. Saa kumi na moja jioni alikuwa na kipindi cha televisheni.

"Jumatatu tunaanza msako mkubwa," akasema. "Na ovataimu kamati yangu imeifuta. Afisa anafanya kazi saa zake, zikiisha anakwenda kwake. Watu walidhani huwezi kufanya yote mawili!"

Carmel alinitazama juu ya ubao. Jumatatu. Nikamwambia kwa Kiswahili asije siku hiyo, akaitikia kwa kope.

Sasa, Carmel husuka kama wanavyosuka Wakongo wote wa mtaa ule: anaanzia kisogoni, anapanda, mbele ndiyo mwisho. Kufika saa sita na nusu, nyuma ilikuwa imelala safi, mbele nywele zimesimama zote. Hapo ndipo maafisa wawili wa uhamiaji walipoingia.

"Karatasi," akasema mkubwa wao. Yangu akaitazama, akanirudishia. Ya Carmel akaitazama mara mbili. "Hii imekwisha. Twende."

"Msako si Jumatatu?" Sauti ya Mheshimiwa ilitoka chini ya shuka la kusukia. Maafisa wakainama, wakamtambua, wakasimama wima.

"Magari ya Jumatatu yamekatwa kwenye bajeti, Ma. Tumeambiwa tuunganishe na leo."

Nilitamani kucheka, lakini kitana cha Carmel kilikuwa kimeanguka sakafuni. Nikajua Mheshimiwa atasema neno la kumwokoa. Neno moja tu lilitosha, na kichwa chake kilikuwa mikononi mwa yule mwanamke. Akajitazama kwenye kioo. Kitambaa kisingemwokoa, ile mbele ingekisukuma juu kama mfuniko wa sufuria inayochemka.

"Amalize kwanza," akasema. "Halafu sheria ifuate mkondo wake."

Nilimchukia, sikufichi. Nilimchukia mpaka bisibisi ikaniponyoka.

Mkubwa wa maafisa akavuta kiti, akakiweka mlangoni, akatazama saa. "Sharp, sawa, Ma. Ila sisi tunatoka saa kumi."

Carmel aliokota kitana. Kwa kawaida angemaliza saa nane. Akagawa nywele, akasuka tatu, akasimama.

"Mama, huu mstari umepinda. Nifumue?"

"Fumua, fumua! Kamera haifichi kitu."

Akafumua. Akasuka. Akaona mwingine umepinda. Saa nane ikapita, saa tisa ikapita, na sijapata kuona mistari yenye tabia mbaya kama ile. Ikabaki kuchovya ncha kwenye maji ya moto ili zisifumuke. Nikachomoa birika, nikachomeka simu ya mteja.

"Unafanya nini?" akafoka Mheshimiwa.

"Eish, nabana matumizi, Mheshimiwa. Umeme wetu mdogo."

Saa kumi kamili mkubwa wa maafisa akasimama, akarudisha kiti mahali pake kwa adabu. Mwenzake alikuwa keshatoka.

"Ngojeni dakika kumi tu!" akasema Mheshimiwa.

"Nani atatulipa, Ma? Ovataimu imefutwa."

Gari likawaka, likaenda. Carmel alikaa chini kwenye ndoo iliyopinduliwa, akalia kidogo, akafuta uso kwa taulo la kazi. Nikarudisha birika. Akazichovya ncha zote, hakuruka hata moja, akazikausha. Kazi safi, lazima niseme, hata kama kichwa chenyewe hakikustahili.

Mheshimiwa aligeuka kushoto, akageuka kulia. Alipendeza.

"Wiki sita zijazo, Jumamosi, saa tatu," akasema, sauti chini kidogo.

Carmel akafungua daftari la wateja, akashika kalamu, asiandike.

"Niandike, Mama? Wewe ndiye unayejua kama nitakuwepo."

Mheshimiwa akavaa miwani yake myeusi, humo humo ndani, akasema anachelewa televisheni.