Bi Kimya na Boksi Lisilobana

Saa tatu asubuhi, Bi Kimya anainamia boksi lililo mezani, analitegea sikio, analitikisa taratibu. Wenzake watatu wa meza ya kufungashia wamesimama, wanamtazama. Dereva aliyelizungusha boksi hilo siku mbili kwa majaribio kwenye barabara ya makorongo ameegemea mlango, anajipepea kwa kofia.

"Linasemaje?" anauliza mmoja.

"Halisemi kitu," anajibu. "Na hapo ndipo ninapoogopa."

Ana sababu. Katika karakana hii ya birika za kauri, kazi ya kufungasha hupimwa kwa sikio: boksi likilia, linafunguliwa upya, likinyamaza, linapakiwa. Kwa miaka kumi na tisa amekuwa hodari wa kunyamazisha maboksi, ndiyo maana akabandikwa jina hilo. Kumbe ukimya wenyewe ulikuwa unamdanganya. Alishindilia magazeti mpaka birika haipumui, na gari likiruka shimo, kishindo chote kiliishia kwenye mdomo wa birika. Mwezi uliopita, kati ya birika arobaini na nane, kumi na moja zilifika vibogoyo.

Bosi akasema wazi: ikivunjika nyingine hata moja njiani, atanunua maboksi ya sponji, na meza ya wanawake wanne itabaki na mmoja.

"Nilikwenda kwa binti yangu nimenuna," anasimulia Bi Kimya. "Alikuwa amejifungua wiki ile. Nikamwambia, mbane vizuri huyo, ataanguka! Akanicheka. 'Mama, mtoto habanwi, anakingwa.' Nikautazama mkono wake. Kiganja kimoja chini ya shingo, kingine chini ya makalio, basi. Nikasema, haa, birika yangu hiyo!"

Akachukua maboksi makuukuu, akakata na kukunja bila gundi. Ukanda mmoja unaishika birika shingoni, mwingine unaibeba tumboni, na mdomo unakaa hewani bila kugusa chochote. Kifuniko kina chumba chake. Alijaribu mara ishirini na tatu. Jaribio la saba alilidondosha kutoka ngazini, birika ikabaki mkono wa kushikia tu.

"Wenzangu wakaniambia, shoga, si haba, mkono umepona!"

Sasa anapitisha kisu kwenye utepe. Birika ya kwanza inatoka; anaipapasa mdomo kwa kidole. Nzima. Ya pili, nzima. Ya sita anamwachia dereva aitoe mwenyewe.

"Mimi mgongo umekatika, hizi zimelala usingizi!" analalamika dereva. "Bibi, na mimi nitengenezee boksi."

"Wewe? Kadibodi ya kukuenea nitaipata wapi?"

Bosi anaingia, anaigeuza birika moja, anairudisha mahali pake. "Zote zifungwe hivi," anasema, anaondoka. Mwanamke mmoja anajifuta macho kwa aproni, anasingizia vumbi la makaratasi.

Bi Kimya ana jambo lingine. Boksi lake lipo mikononi tu, halipo popote kwenye karatasi. Jumatatu anaanza darasa la jioni la kuchora, na kazi ya kwanza anayoitaka ni boksi la chupa za dawa za zahanati ya jirani.

"Mikono hii itachoka siku moja," anasema. "Mjukuu wangu akikua, nitamfungulia mchoro nimwoneshe: mama yako alikushika hapa, na hapa."