Mchungaji Mgeni na Ubatizo Wake wa Kwanza

Kikundi chetu cha akina mama wa kanisa, mtaa wa Kingstanding jijini Birmingham, Uingereza, kilimkaribisha mchungaji mwanamke kutoka Korea. Alikuja kusoma kwa msaada wa shirika la umisheni, akakaa kwangu. Siku moja, tukimenya viazi, alinieleza kwamba aliwekewa mikono kuwa mchungaji zamani, lakini wazee wa kanisa lao walimwachia watoto wa shule ya Jumapili tu.

“Hujawahi kubatiza?” nikamuuliza.

“Bado.”

Nilimweleza mchungaji wetu, Mkongo asiye na maneno mengi. Jumapili iliyofuata, mama mmoja wa Bukavu alipoleta kichanga chake kubatizwa, mchungaji wetu alisogea pembeni, akamwonyesha mgeni beseni la maji. Mgeni akasita. Yule mama akamweka mtoto mikononi mwake, akamwambia kwa Kiswahili, “Shika, Mchungaji.”

Alibatiza kwa Kikorea. Tulielewa jina la mtoto tu, tukaitikia amina. Nilijiuliza ni wangapi kama yeye, waliosomea kazi wasiyoruhusiwa kuifanya.

Aliporudi kwao aliomba usharika wa kuongoza. Wazee walimnyima. Akaendelea kuomba, mpaka wakampa mmoja mdogo, milimani.