Gauni la Nane

Kila mwaka fundi cherehani alimshonea mjukuu wake gauni, ingawa hakuwahi kumpima. Alikuwa akisimama ng'ambo ya barabara watoto wanapotoka shule, akimkadiria kwa macho, kisha akishona na kuacha upindo mpana endapo amekosea. Binti yake hakuwa amemsamehe mama yake kwa kunyamaza siku baba alipomfukuza nyumbani akiwa na mimba. Kila gauni alilopeleka lilirudishwa kutoka getini kwa binti huyo.

La nane liliporudi, mwalimu mstaafu aliyefuata suruali yake alilikuta mezani.

"Sijui hata kama huku ndiko kutoa, mwalimu," fundi alisema.

"Wagiriki wa kale walisema didomi, yaani natoa. Na walilitumia neno hilo hata kwa mtu anayenyoosha mkono tu, kitu kikiwa bado hakijapokelewa."

"Basi walikuwa na huruma. Mimi mwenzao mkono umeshakufa ganzi."

Hata hivyo, kesho yake alilipeleka tena. Safari hii binti alitoka mwenyewe.

"Mama, usishone tena. Mtoto ananiuliza ni nani yule anayemkodolea macho pale shuleni. Anaogopa."

Fundi alilikunja gauni. Miaka yote alidhani haonekani.

"Mwambie ni fundi tu, mwanangu. Sitasimama tena pale."

Tangu hapo, saa za watoto kutoka shule, alibaki kwenye cherehani yake. Gauni la tisa alilikata kwa kubahatisha, akalishona mpaka kifungo cha mwisho, na hakulipeleka.